NENO NA MAANA YAKE: BILIADI — GOGO, MKIA NA KUKU



Wasomaji wapenzi wa Riyadh na Jeddah. Mwezi uliopita safu hii ilizungumzia maneno ya jikoni yaliyotufikia kutoka Bara Hindi, na barua zilizokuja zimenidhihirishia kwamba akina mama zetu wamehifadhi vichwani mwao kamusi ambayo hakuna chuo kilichowahi kuichapisha. Mwezi huu tunatoka jikoni na kwenda barazani. Au, kwa usahihi zaidi, tunakwenda mahali palipochukua nafasi ya baraza kwa vijana wetu wengi wa huku.

Mama mmoja wa Jeddah ameniandikia. Anasema mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 16, hutoka kila usiku wa kuamkia Ijumaa pamoja na wenzake wa shule, Wasaudi, Wasudani na Wayemeni, kwenda kucheza mchezo anaouita "bilyardo". Babake, ambaye hurejea kazini saa nne usiku, alichukizwa, akatamka kwamba huo ni mchezo wa walevi na kwamba kijana hatatoka tena. Kijana akamjibu: "Baba, unakataza kitu ambacho hata jina lake hulijui." Tangu siku hiyo, yapata wiki tatu sasa, baba na mwana hawana maneno zaidi ya salamu. Bibi huyu ananiuliza mambo mawili: neno hilo lina maana gani, na je, ni mchezo wa kihuni?

Jibu la kijana halikuwa na adabu, na hilo nitarudi kulisema. Hata hivyo ndani yake mna hoja ya haki, kwani anayetaka kulihukumu jambo yampasa kwanza alijue. Basi na tuanze na jina.

JINA LILIKOTOKA

Vijana wetu wa huku husema "bilyardo" kwa sababu Waarabu walilipokea neno hili kutoka kwa Wataliani, ambao husema biliardo. Sisi wa Afrika Mashariki tunasema "biliadi" kwa kuwa tulilipata kwa Waingereza waliotutawala. Lakini Mtaliani na Mwingereza wote wawili walichota kisima kimoja, nacho ni Kifaransa. Kwa Kifaransa mchezo huu huitwa billard, na hapo kale neno hilo halikuwa jina la mchezo kamwe. Lilikuwa jina la fimbo. Shina lake ni bille, yaani gogo au kipande cha mti, na billard ilikuwa fimbo yenye kichwa kilichopinda, ambayo watu waliitumia kusukumia mipira.

Mchezo wenyewe ulianzia nje, juu ya majani, mipira ikisukumwa ardhini na kupitishwa katika kijilango kidogo. Ulaya ni nchi za mvua na baridi, na wenye nafasi wakautamani mchezo wao hata siku ambazo hapatokeki. Wakauingiza ndani na kuupandisha juu ya meza. Mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1483, hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwa na meza ya namna hiyo. Kile kitambaa cha kijani mnachokiona juu ya kila meza ni ukumbusho wa majani yale. Kwa hiyo kijana wa Jeddah anayecheza ndani ya chumba chenye kipoza hewa, huku nje kuna joto la Agosti, anacheza juu ya bustani ya Mfaransa aliyekimbia mvua.

Lipo jambo hapa litakalowapendeza wanafunzi wa lugha. Katika Kifaransa kuna neno jingine, bille, liandikwalo vivyo hivyo, ambalo maana yake ni gololi au tufe dogo. Mtu akiziona tufe zinavyogongana mezani, mara moja hudhani kwamba billard imetokana na gololi. Sivyo, imetokana na gogo. Mkanganyo huu tunaufahamu vizuri sisi wenyewe. Mgeni anayejifunza Kiswahili atakutana na paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani, na asipokuwa na mwalimu atatafuta undugu usiokuwepo kati ya bati na mnyama.

Waingereza nao wana hadithi yao. Wanasema ati palikuwa na mweka rehani wa London aitwaye William Kew, aliyekuwa na mipira mitatu iliyotundikwa mlangoni mwa duka lake kama ilivyokuwa desturi ya wenye kazi hiyo. Jioni akiiteremsha mipira ile na kuisukuma huku na huko kwa kipimo chake cha yadi. William kwa kifupi ni Bill. Bill na yadi yake wakawa billiard. Na jina lake la pili, Kew, likawa jina la fimbo. Ni hadithi tamu sana, na haina ukweli wowote. Watu wa kila nchi hutunga hadithi za namna hii wanapokuta jina wasilolielewa. Hata kwetu wako wazee waliotufundisha kwamba Zanzibar ni Kiarabu, "zayn al-barr", uzuri wa nchi, ilhali jina hilo ni la Kiajemi na maana yake ni pwani ya Zanji, yaani pwani ya watu weusi. Hadithi tamu huishi muda mrefu kwa sababu haina haja ya ushahidi.

MKIA

Fimbo ya biliadi kwa Kiingereza huitwa cue, neno ambalo vijana hulitamka "kyuu". Hilo nalo ni Kifaransa, queue, na maana yake ni mkia. Sababu ni hii. Fimbo ya zamani ilikuwa na kichwa kipana kama kirungu kidogo. Mpira ulipokwama kando kabisa ya ukingo wa meza, kichwa kile kilikuwa kikubwa mno kuweza kuufikia. Mchezaji akaigeuza fimbo na kuusukuma mpira kwa upande wa nyuma, upande mwembamba, upande wa mkia. Watu wakagundua kwamba mkia unalenga vizuri kuliko kichwa. Taratibu kichwa kikaachwa, mkia ukabaki, na jina likabaki nao.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa mmoja, nahodha wa jeshi François Mingaud, akabandika kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo. Kwa ngozi ile, na chaki inayopakwa ili isiteleze, mchezaji aliweza kuufanya mpira uzunguke, urudi nyuma au ukate kona. Mwaka 1826 fundi wa London, John Thurston, akaanza kutengeneza meza za jiwe chini ya kitambaa badala ya mbao zinazopinda. Baadaye zikaja kingo za mpira. Hivyo ndivyo mchezo wa gogo na majani ulivyogeuka kuwa mchezo wa hesabu: pembe unayogonga ukingo ndiyo pembe unayotokea, na mwenye kuelewa hayo humshinda mwenye nguvu.

KUKU NA NGAMIA

Neno la tatu ni "pool", ambalo ndilo linalosikika zaidi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wengi hudhani ni lile la Kiingereza lenye maana ya bwawa. Hapana. Limetokana na Kifaransa poule, yaani kuku jike, koo. Wafaransa waliliita hivyo fungu la fedha ambalo wachezaji wote huliweka kati, na mshindi akaondoka nalo lote. Huko Marekani, katika karne ya 19, "chumba cha pool" kilikuwa mahali pa kukusanyia dau za mashindano ya farasi. Wateja walikuwa wakingoja matokeo kwa saa nyingi, na wenye vyumba wakaweka meza za biliadi ili kuwapumbaza. Jina la dau likahamia kwenye meza, na huko likabaki mpaka leo.

Hapa msomaji wetu atasimama na kutafakari, na ana haki. Kwani sisi tunalo neno "kamari", ambalo ni Kiarabu, qimar. Na katika Qur'ani Tukufu, Sura al-Maida, aya ya 90 na 91, limo neno maysir, lililokatazwa pamoja na ulevi. Watu wa lugha hulihusisha maysir na yusr, yaani wepesi: mali ipatikanayo pasi na jasho. Na maysir ya Waarabu wa Jahiliya ilikuwaje? Walimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakachezesha mishale 10. Mishale 7 ilikuwa na mafungu, na 3 ilikuwa mitupu. Na hasara ya bei ya ngamia ikawaangukia walioshindwa. Tazameni ajabu ya binadamu: Mwarabu wa jangwani alicheza kwa ngamia, Mfaransa akacheza kwa kuku, na wote wawili wakaufuata mkondo mmoja. Kila mmoja alicheza kwa mnyama anayefugwa kwao.

Kwa hiyo, Bibi wa Jeddah, kati ya majina haya ya mchezo, moja tu limebeba kamari tumboni mwake. Billard ni gogo. Cue ni mkia. Snooker, ambayo nayo inachezwa huku, ni neno la mzaha wa wanajeshi: maofisa wa Kiingereza waliokuwa Jabalpur, India, mwaka 1875 waliutunga mchezo huo, na mmoja wao, Neville Chamberlain (wala si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu), akaupa jina ambalo wanajeshi walikuwa wakimwita mwanafunzi mgeni asiyejua kitu. Pool ndiyo pekee yenye maana ya dau.

PEMBE ZA KWETU

Liko neno moja zaidi, ambalo wanaosimulia habari za mchezo huu mara nyingi hulipita mbiombio, nalo ni la kwetu: pembe.

Mipira ya kwanza ilikuwa ya mti. Baadaye wenye fedha wakataka ya pembe za ndovu, kwa sababu hakuna kitu kilichogongana kwa wepesi na sauti safi kama pembe. Kila mpira ulichongwa katikati ya jino, ili ule mshipa mwembamba unaopita ndani ya pembe uwe kitovu hasa cha mpira; ukikosea kidogo, mpira huyumba. Ndiyo maana meno madogo madogo ya ndovu majike yalitafutwa sana kwa kazi hii, na jino moja lilitoa mipira michache tu. Baada ya kuchongwa iliachwa muda mrefu ikauke, kwani pembe huvimba na kunywea kwa hali ya hewa.

Sasa pembe hizo zilitoka wapi? Katika karne ya 19 soko lao kubwa lilikuwa Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akafika kisiwani. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho bibi zetu walikiita "merikani", nao wakaondoka na pembe. Katika jimbo la Connecticut upo mji uitwao Ivoryton, jina lenye maana ya mji wa pembe, ambao uliishi kwa kukata pembe za Unguja na kuzifanya vibonye vya piano. London ikachukua zake, na vyumba vya biliadi vya Ulaya na Marekani vikajaa mipira myeupe.

Nyuma ya kila mpira kulikuwa na njia. Kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, na jino kubwa lilifika frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32, begani mwa mtu mmoja. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliojiajiri kwa ujira. Wengine walikuwa watumwa, ambao walibeba pembe kwenda pwani na huko wakauzwa wao pia. Miongoni mwa matajiri wa biashara hiyo alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905 na ambaye habari za maisha yake tunazo kwa Kiswahili chake mwenyewe. Tusijifiche nyuma ya Wazungu katika habari hii. Wazee wetu walikuwepo pande zote mbili: wengine chini ya mzigo, wengine penye mizani. Wako kati yetu hapa Riyadh na Jeddah ambao katika ukoo mmoja wana babu wa begani na babu wa mizani, na wanalijua hilo, ingawa haliongelewi mbele ya wageni.

Pembe zilipoanza kuadimika, wenye viwanda wakaingiwa na hofu. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu badala ya pembe. Mchapaji kijana wa Albany, John Wesley Hyatt, akajaribu mengi hadi akapata seluloidi, na mwaka 1870 akaipatia hataza. Hyatt mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mipira yake ya mwanzo, ikigongana kwa nguvu, mara nyingine ilitoa mlio kama wa fataki, na kwamba mwenye ukumbi mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa yeye hajali, ila kila mlio ukitokea wanaume wote ukumbini huchomoa bastola. Seluloidi ilikuwa miongoni mwa plastiki za kwanza kabisa duniani. Ndoo tunazotekea maji, sahani za watoto, mkeka wa kisasa wa kukalia: vyote ni wajukuu wa mpira wa biliadi. Mipira ya leo hutengenezwa kwa utomvu wa viwandani, na iliyo bora hutoka Ubelgiji. Biashara ya pembe baina ya mataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, mwaka ambao Kenya iliteketeza tani 12 za pembe mbele ya macho ya ulimwengu. Basi mwanao, Bibi, hachezei tena jasho la mpagazi. Lakini ni vizuri ajue kwamba aliwahi kulichezea mtu.

BABA NA MWANA WANAONA MEZA MBILI

Sasa niingie katika swali lako la pili. Nimelifikiria sana, na naona kwamba mumeo na mwanao wanagombania meza mbili tofauti.

Mumeo, kama ni mtu wa rika ninalolidhani, meza ya pool aliiona kwanza kwetu. Na kwetu meza hiyo ilisimama baa. Hata mashindano yake makubwa nchini Tanzania, katika miaka ya 2000 na 2010, yaliendeshwa kwa jina na fedha za bia. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwalaumu hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi, saa ambazo wenzao wako kazini. Kabla ya hapo, wakati wa ukoloni, meza ya biliadi ilikuwa ndani ya vilabu vya Wazungu, na Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia. Kwa hiyo mzee aliyekulia huko akisikia mlio wa mipira husikia chupa, husikia uvivu, na labda husikia dharau. Hakubuni. Anakumbuka.

Mwanao meza hiyo ameikuta Jeddah. Kumbi za huku hazina pombe. Katika istiraha ambazo familia hukodi mwisho wa wiki, meza ya biliadi husimama karibu na bwawa la watoto, na mjomba na mpwa hucheza huku nyama inachomwa. Machi 2024 Riyadh iliandaa mashindano ya snooker ambamo mpira wa dhahabu wenye pointi 20 uliongezwa mezani, ili mchezaji atakayefikisha 147, kilele cha mchezo huo, apate nafasi ya kufika 167. Zawadi ya dola 500,000 iliwekwa kwa atakayeweza, na hakuna aliyeweza. Mwingereza Ronnie O'Sullivan ndiye aliyetwaa ubingwa. Mwezi Juni mwaka huohuo ubingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa ulichezwa Jeddah, na Septemba mjini humohumo Judd Trump akamshinda Mark Williams kwa 10 kwa 9 katika fainali ya snooker. Mwaka 2025 fainali ya Jeddah ilimalizika tena 10 kwa 9, Neil Robertson wa Australia akimshinda O'Sullivan. Kijana aliyeyaona hayo katika mji wake akisikia mlio wa mipira husikia hesabu, utulivu na jina la mji wake likitajwa duniani. Naye hakubuni.

Ndiyo maana hawaelewani. Neno ni moja, lakini kila mmoja amelipata mahali pake.

Mimi ni mwalimu wa lugha, sina kilemba cha mufti. Hukumu ya sheria waulizeni wenye elimu yake. Ninachoweza ni kuwapa wazazi maswali matatu yatakayowasaidia kuliona jambo lilivyo.

Kwanza, je, kuna dau? Msiulize tu kama wanacheza kwa fedha, kwani kijana ataapa kwamba hapana, na atakuwa mkweli kwa jinsi anavyoelewa. Ulizeni nani analipia meza. Desturi iliyoenea kumbi nyingi ni kwamba anayeshindwa ndiye anayelipa saa ya meza, au ndiye anayenunua vinywaji. Vijana huona hiyo ni mzaha. Wanazuoni wengi wa huku wameikataza, kwa sababu ni ile poule kwa sura nyingine: kila mmoja anaingia akiwa ama atapata ama atahasirika kwa mchezo. Dawa yake ni rahisi. Kila mmoja alipe sehemu yake kabla fimbo haijashikwa, na atakayeshinda aondoke na ushindi wake tu.

Pili, ni saa ngapi? Mchezo unaochukua saa mbili kisha watu wakainuka kwa sala ni burudani. Unaovuka Isha, ukavuka usiku wa manane, ukamlaza kijana hadi Adhuhuri ya Ijumaa, huo umeshakuwa bwana wake. Hilo si la biliadi pekee. Keram, dhumna, karata na mechi za televisheni vyote vina uwezo huo, na simu ya mkononi inavipita vyote.

Tatu, nani yuko karibu naye? Mchezo hauvuti sigara wala shisha. Aliyeketi kwenye kiti cha pembeni ndiye anayevuta, na ndiye anayemfundisha mtoto.

Na swali la tatu halijibiki kwa kukaa nyumbani. Kwa hiyo, bwana mkubwa, baba wa kijana huyu, ukisomewa ukurasa huu nakuomba jambo moja. Omba ruhusa usiku mmoja, uende naye. Usiende kama askari. Nenda kama mgeni. Kaa, agiza chai, tazama. Ukiona la kukataza, utalikataza ukiwa umeliona, na kijana hatakuwa na jibu. Usipoliona, shika fimbo. Utakosea mipira mingi, na mwanao atalazimika kukufundisha, jambo ambalo litamfanya aseme na wewe kwa saa nzima.

Nawe kijana, huo mlango wa babako utaufungua wewe kwanza. Kwamba hakulijua neno hakukupa ruhusa ya kumkata kauli. Nenda kamwombe radhi, na usiambatanishe "lakini". Ukishamaliza, muulize frasila ni nini, na merikani ni kitu gani, na babu yake alitoka upande gani wa bara. Utaona kwamba kuhusu mpira ulioushika mkononi yeye ana habari ambazo wenzako wa shule hawana.

MSAMIATI WA MEZANI

Kwa watoto wetu wanaocheza kwa Kiarabu na kuhesabu kwa Kiingereza, haya ndiyo maneno yetu. Yakateni myabandike ukutani.

Meza: neno letu la kila siku, tulilolipata kwa Wareno, kama tulivyopata kwao karata na turufu.
Tufe au mpira: kile kinachogongwa. Lile jeupe linaloanza, liiteni tufe jeupe.
Fimbo: cue. Akitaka kusema mkia, atakuwa amefuata asili.
Mfuko: tundu linalopokea tufe.
Ukingo: ubavu wa meza unaorudisha tufe.
Kitambaa: kile cha kijani. Kikichanwa, hulipwa.
Chaki: ileile ya mwalimu kwa jina, ingawa ya mezani ni ya buluu na imechanganywa na vitu vingine.
Dau: fedha inayowekwa kati. Neno hili watoto walijue ili walikatae.

Mwezi ujao, inshallah, tutalitazama neno "baraza", ambalo limefika mbali zaidi ya ukuta wa nyumba ya pwani. Wazee wenye kumbukumbu za mabaraza ya Mombasa, Lamu, Unguja, Tanga au Bujumbura waniandikie kabla ya mwisho wa mwezi, kwa mwandiko unaosomeka. Na kutoka nyumba ile ya Jeddah nangoja barua ya pili. Nitafurahi zaidi ikiandikwa na kijana mwenyewe, kwa Kiswahili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.

Mwalimu wenu mstaafu